Shangazi, unga mwekundu unang'arisha vikombe vyangu. Niseme au ninyamaze?

Kwako Shangazi,

Salamu kutoka Khayega. Mimi huisoma safu yako kwa simu ya binti yangu, na leo nimeona niandike mwenyewe kabla moyo haujageuka.

Mimi ni mfinyanzi. Niliolewa huku Isukha nikiwa sijui hata kukanda udongo. Mama mkwe ndiye aliyenishika mkono. Kwa miaka kumi na minne tumefinyanga vyungu vya kupikia na vya maji, tukavichoma kwa kuni na nyasi, tukavipanga kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, wasafiri wakishuka wananunua. Riziki ndogo, lakini tulilala usingizi.

Mwaka juzi nilichukua mkopo wa chama nikanunua tanuri la stima, la mtumba, shilingi 180,000. Nikaanza vikombe, mabakuli ya matunda na majagi. Kufinyanga hakukunisumbua. Shida ikawa glezi, ile ngozi ya kioo inayopakwa juu. Tanuri langu likifika digrii 1,060 linaguna tu, halipandi tena. Glezi ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya moto mkali kuliko huo, vikombe vikatoka vikavu, kama miguu iliyotembea kwenye vumbi la Januari. Ndipo mtu mmoja wa Kisumu, anayeuza rangi na vyuma vikuukuu, akanipa unga mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Akaniambia nichanganye na mchanga mweupe uliosagwa na udongo kidogo.

Shangazi, siku nilipofungua tanuri nilikaa chini. Vikombe vilikuwa laini, vinang'aa, kana kwamba vimepakwa mafuta. Nikaongeza unga wa shaba nikapata kijani kama jani la mgomba baada ya mvua. Hicho cha kijani ndicho watu wanachokigombania. Nimeshauza vikombe 64, na hoteli moja Kisumu imeniwekea oda ya vikombe 120 kwa shilingi 450 kila kimoja, pamoja na majagi kumi ya juisi.

Sasa wiki mbili zilizopita alipita kijana wa chuo kikuu, akakigeuzageuza kikombe akauliza, "Mama, glezi hii ina risasi?" Nikacheka, nikamwambia hapa hatuna bunduki. Yeye hakucheka. Aliniambia risasi hiyo ni madini mazito yenye sumu, nipime uzito wa ule unga. Nilichukua kopo la nusu kilo la mafuta ya kupikia, nikalijaza, mizani ikaniambia kilo moja na nusu. Tangu siku hiyo sina raha.

Mume wangu anasema nimalize mkopo kwanza, mengine yatajulikana. Mama mkwe anasema vyungu vimelisha ukoo huu tangu enzi za nyanya yake, nani amewahi kufa kwa chungu? Lakini kijana ninayefanya naye kazi, yeye ndiye huchekecha na kuchanganya, amekuwa akilalamika tumbo linamkaza, anakaa siku nne au tano bila kwenda choo, na kichwa hakimwachi. Nimekuwa nikimpa maziwa. Na mjukuu wangu wa miaka miwili hushinda nasi humo ndani, kila anachookota kinaenda mdomoni.

Niambie ukweli. Je, moto wa tanuri hauiui hiyo sumu? Niwaambie walionunua, ama nitakuwa nimejichimbia kaburi la biashara? Na kile kikombe changu cha kwanza kabisa cha kijani, ambacho kila asubuhi nakinywea chai ya ndimu, nacho nikifanyeje?

Mfinyanzi asiyelala, Khayega

*

Mwanangu,

Umeandika juu ya vikombe, mkopo, oda na mume, halafu kijana na mjukuu ukawaweka karibu na mwisho, kama watu wa kupita. Mimi nitaanza nao. Vikombe vitangoja, havina damu.

Funga karakana leo. Mtoto asikanyage tena humo, hata mlangoni. Kisha mjukuu, kijana wako wa kazi, na wewe mwenyewe mwende hospitali mkaombe kipimo cha risasi kwenye damu, na mkitaje kwa jina lake, maana daktari akisikia tumbo na kichwa tu atakupimia malaria na taifodi, utarudi nyumbani na vidonge visivyokuhusu. Mwambie wazi: "Tunafanya kazi na unga wa risasi." Kama kituo cha karibu hakina kipimo, damu inaweza kutumwa maabara kubwa; uliza pale hospitali ya rufaa ya Kakamega au Kisumu. Na itolewe kwenye mshipa, isiwe tone la kidole, kwa sababu kidole cha mfinyanzi tayari kina vumbi lile lile tunalolitafuta. Msikawie. Risasi iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya mwezi hivi, si kwamba imetoka yote mwilini, bali sehemu kubwa imehamia kwenye mifupa, na huko hukaa miaka na miaka.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kipimo kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, wanataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mtoto mdogo hunyonya risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Huenda usione dalili yoyote kwake. Atacheza, atakula, atacheka, na madhara uje kuyaona darasani miaka sita baadaye, mwalimu akisema hatulii wala hashiki anachofundishwa. Kwa hiyo usinijibu kwamba "mtoto yuko sawa". Mpime.

Huyo kijana naye, tumbo kukaza na choo kufunga pamoja na kichwa, kwa mtu anayechekecha unga huo, mimi sihitaji kupiga ramli, ingawa kipimo ndicho kitakachosema. Gharama ni yako, si yake. Unamwajiri, na sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 haiangalii kama karakana ni ya mabati au ya marumaru.

Maziwa hayaoshi risasi. Najua katika karakana za rangi na kwenye vituo vya mafuta watu hupewa pakiti ya maziwa kana kwamba ni dawa. Yana faida ndogo ya pembeni: mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hunyonya risasi zaidi, kwa hiyo chakula chenye hayo husaidia kuifungia mlango. Omena mnayoila na mifupa yake, maharagwe, mboga za kienyeji, hivyo vyote vizuri. Lakini hakuna omena itakayomponya mtu anayeendelea kuvuta vumbi hilo.

Halafu kuna swali ambalo hukuliuliza. Huyo binti yako mwenye simu, au mwanamke mwingine yeyote anayeingia humo, ana mimba au ananyonyesha? Risasi hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Kama yuko, naye apimwe.

Sasa moto. Hapana, moto hauiui. Sumu ya muhogo mchungu unaweza kuiondoa kwa kuloweka, kukausha na kupika, kwa kuwa ni kitu kinachovunjika. Risasi ni madini, ni kitu cha asili kama chuma cha jembe. Ukiichoma inageuka sura tu. Ule unga wako, kwa rangi uliyonieleza, kwa uzito wa kopo lile, na kwa namna ulivyoyeyuka laini kwenye tanuri lililochoka, karibu nina hakika ni risasi nyekundu, ile iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi ya kuzuia kutu kwenye meli na madaraja. Ngeu ya kawaida, yaani kutu nyekundu, ingejaa kopo hilo bila kufika hata nusu ya uzito huo. Maabara itathibitisha, lakini usiusubiri uthibitisho ndipo uache.

Ukitaka kuelewa kwa nini ilikupendeza hivyo, nisikilize kidogo, maana hapa ndipo utamu wa ufundi wetu ulipo. Glezi ni kioo. Mwili wa kioo ni silika, yaani mchanga mweupe, na silika peke yake inataka digrii 1,700 na zaidi ili iyeyuke. Hakuna tanuri Khayega wala Kisumu litakalofika huko. Kwa hiyo mfinyanzi hutia kiyeyusho, kitu cha kuishawishi silika ikubali moto mdogo. Jivu ni kiyeyusho. Ule munyu mnaochuja kwenye jivu la maganda ya maharagwe mkatia kwenye mrenda ni wa ukoo huo huo, ila jivu linataka moto wa digrii 1,250 kwenda juu ndipo lifanye kazi vizuri. Risasi, yeye anaanza kuyeyuka kabla ya digrii 900. Anatandaza glezi, anafunika makosa ya mkono, anasamehe tanuri bovu, anazipa rangi kina. Warumi waliitumia, Wachina wa enzi ya Han waliitumia, na siwalaumu. Mimi mwenyewe nilipokuwa nachoma Nakuru, miaka hiyo, nilipewa kopo kama lako nikashangilia kama wewe. Nilikuwa na bahati tu kwamba mzee mmoja aliliona kabla sijalifungua.

Kioo kilichopikwa sawasawa, chenye silika ya kutosha na udongo wa kutosha, huishika risasi kwa nguvu. Kisichokamilika huiachia. Chako hakikupimwa na mtu, kimechanganywa kwa kijiko na jicho, tena kwenye tanuri linaloguna. Halafu ukatia shaba! Mwanangu, katika mambo yote ambayo ungeweza kuongeza kwenye glezi ya risasi, shaba ndiyo inayoilegeza kuliko zote. Kile kijani cha jani la mgomba, kinachogombaniwa, ndicho ninachokiogopa zaidi.

Kinachoivuta risasi kutoka kwenye kioo ni uchachu. Ndimu, ukwaju, maji ya matunda, siki, maziwa mala, busaa. Fikiria uji wa wimbi uliochachushwa, umetiwa ndimu, ukaachwa kwenye jagi lako usiku kucha ili watoto waukute asubuhi. Ladha haibadiliki. Rangi haibadiliki. Mwaka 1970 madaktari wa Montreal, Kanada, waliandika habari za mtoto wa miaka miwili aliyekufa kwa sababu ya juisi ya tofaa iliyokuwa ikiwekwa kwenye mtungi wa udongo uliopakwa glezi ya risasi. Juisi, si sumu ya panya. Ndiyo maana yale majagi kumi ya hoteli yananitia baridi kuliko vikombe 120. Chai ya maziwa inaingia kwenye kikombe na kutoka baada ya dakika kumi. Juisi ya pasheni inalala kwenye jagi ndani ya friji.

Tuna methali yetu, mfinyanzi hulia gaeni. Tunaitumia kumhurumia fundi anayeuza vyungu vizima akabaki kula kwenye kigae. Kwa risasi mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mfinyanzi ndiye anayekula wa kwanza na anayekula nyingi. Mteja wako anapata kiasi kinachovuja kwenye kinywaji. Wewe na kijana wako mnapata unga wenyewe, mbichi, ambao asidi ya tumbo huuyeyusha mara moja. Mwisho wa karne ya kumi na tisa, kwenye miji ya wafinyanzi ya Stoke-on-Trent huko Uingereza, waliokuwa wakichovya vyombo kwenye glezi ya risasi walipooza mikono, wengine walipofuka, wanawake wakaharibikiwa na mimba. Wateja walikuwa wakinywa chai kwenye vyombo hivyo hivyo nyumbani kwao bila habari. Wataalamu wakaletwa kuchunguza, wakaonyesha kwamba risasi ikiyeyushwa kwanza pamoja na silika, ikapozwa na kusagwa, tunachokiita friti, haiyeyuki tumboni kwa urahisi kama ile mbichi. Hata hivyo ilichukua miaka mingi ya mabishano na wenye viwanda, na ni kwa kanuni za mwaka 1947 ndipo risasi mbichi ilipopigwa marufuku kwenye glezi za huko. Friti ya risasi nayo usiikimbilie. Ina nafuu, haina usalama wa kuchezea kwenye karakana isiyo na maabara.

Kwa hiyo mama mkwe wako anasema kweli, ila anazungumzia kitu kingine. Vyungu vyake havina glezi. Ni udongo, moshi na mkono uliozoea. Mwambie hivyo kwa heshima, usimwambie kwamba amekosea, kwa sababu hakukosea. Umeongeza kitu ambacho nyanya yake hakuwa nacho.

Kusafisha. Usifagie, vumbi litapanda hewani mlivute. Lowesha kila kitu, futa kwa vitambaa vya maji, na vitambaa hivyo visirudi jikoni. Kama sakafu ni ya udongo, inyunyizie maji, ukwangue tabaka la juu mahali unga ulipomwagika, utie kwenye gunia la plastiki. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la aina hii. Tafuta zile za kiwandani za kuzuia chembechembe, zinazokaza usoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mikono iwe kwa sabuni na maji mengi, dawa ya kupakaza ile ya spiriti haiondoi madini. Unga uliobaki na maji ya glezi usimwage chooni, shambani wala mtoni. Vitie kwenye ndoo yenye kifuniko, uandike juu yake kwa herufi kubwa, uifungie, kisha uende ofisi ya kaunti ya mamlaka ya mazingira, NEMA, wakuelekeze kwa mwenye leseni ya kubeba taka hatari. Usimrudishie yule muuzaji. Atampa mfinyanzi mwingine huko Vihiga au Siaya, naye ataniandikia barua kama yako.

Wala sisemi yule muuzaji ni mtu mbaya. Kwa watu wengi risasi ni chuma kizito tu chenye soko. Lakini nchi hii imeshalipia somo hilo. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024 baada ya kutenguliwa katika rufaa.

Tanuri nalo limeingia matatani, na najua hili litakuuma. Risasi huvukizwa na moto, ikaenda kukaa kwenye matofali na kwenye rafu. Ukichoma baadaye chombo chenye glezi safi, kinaweza kuokota risasi ya jana. Rafu na vile vigingi vilivyobeba vikombe vyekundu na vya kijani vitoe kabisa, ununue vingine. Futa ndani kwa maji. Kisha lichome tupu mara kadhaa hadi mwisho wa nguvu zake, mlango wa banda wazi, watu mbali, na lisiwe limepakana na jiko. Hata baada ya hapo, kundi la kwanza la vyombo vipya lisiuzwe mpaka vichache vipimwe.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Chombo hujazwa asidi ya siki ya asilimia 4, kikaachwa saa 24 gizani kwenye joto la kawaida la chumba, kisha maabara ikasoma kiasi cha risasi kilichoingia kwenye siki. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 1999 kinataka kikombe kisiachie zaidi ya miligramu 0.5 kwa lita. Mkemia wa Serikali ana tawi Kisumu, na KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, nao wana kituo huko. Piga simu kwanza uulize nani anakifanya, na kwa bei gani, usije ukapanda matatu bure. Kuna watu watakuambia jaza siki nyumbani uangalie kama rangi imebadilika. Ikibadilika, glezi hiyo ni mbovu, itupe. Isipobadilika, hujajua chochote. Vile vijiti vya kupaka vinavyogeuka vyekundu ni hivyo hivyo, vinaweza kukushtaki lakini haviwezi kukuachilia.

Nimefika kwa wanunuzi, na kwa mume wako.

Waambie. Wote 64, na hoteli. Najua umetarajia niseme hivyo, lakini acha nikwambie kwa nini naona mume wako amekosea hata kwenye hesabu yake mwenyewe. Anadhani kunyamaza kunanunua muda wa kumaliza mkopo. Yule kijana wa chuo kikuu tayari ameuliza. Ameshika kikombe chako, ana simu, ana marafiki. Habari hii itatoka, na kilichobaki kwako ni kuchagua itoke kwa mdomo wa nani. Nimewaona wafinyanzi waliowaita wateja wao wenyewe, wakarudishiwa hasira ya siku mbili kisha oda ya mwezi ujao. Aliyefichuliwa sijamwona akirudi sokoni. Ila hata kama hesabu ingekuwa kinyume, bado ningekwambia useme, kwa sababu katika vikombe hivyo 64 kuna kimoja kilicho mkononi mwa mtoto.

Andika hivi, kwa simu, kwa kila uliye na namba yake: "Mimi ni mama wa vyungu wa Khayega. Kikombe ulichonunua kwangu chenye glezi ya kung'aa, hasa cha kijani, kina uwezekano wa kuwa na madini ya risasi. Tafadhali usikitumie tena kwa chakula wala kinywaji. Nirudishie nikupe pesa zako, au nikubadilishie kingine kitakapokuwa tayari." Usiongeze maelezo marefu, usijitetee, usimtaje muuzaji. Wale usio na namba zao, bandika kibao pale barabarani unapouzia. Pesa za kurudisha huna zote leo. Nusu ya watu watasubiri kubadilishiwa, hiyo ndiyo tabia ya wanunuzi.

Kwa hoteli usipige simu, nenda mwenyewe, na uvae vizuri. Mwambie meneja oda ile huwezi kuitoa kwa glezi uliyomwonyesha, na sababu. Mwombe wiki nane. Mpe wazo la vikombe ambavyo nje ni udongo mtupu uliosuguliwa kwa jiwe laini kama vyungu vya mama mkwe wako, ndani tu ndio kuna glezi nyeupe isiyo na risasi, vyenye cheti cha maabara. Mimi ningekuwa meneja ningelipa 600 kwa kikombe hicho, kwa sababu kina uso wa Isukha, na kile chenye kung'aa kinafanana na cha dukani.

Glezi hiyo utaipata wapi kwa digrii 1,060? Kwenye boroni, kiyeyusho kingine. Boroni hufanya kazi nyingi ya risasi kwa moto mdogo, na huuzwa ikiwa friti tayari, isiyo na risasi, kwa wauzaji wa vifaa vya ufinyanzi Nairobi. Wengi huanza na sehemu 85 za friti hiyo kwa 15 za kaolini, yaani udongo mweupe. Ikikuletea nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ongeza silika kidogo kidogo, jaribu kwenye vigae vidogo, andika kila kitu kwenye daftari. Mwombe muuzaji karatasi ya usalama inayoonyesha kilichomo. Asiye nayo, mwache na unga wake. Na usidanganywe na maneno "haina risasi" ukadhani umemaliza, maana rangi nyingine nyekundu na za manjano huwa na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu. Cheupe kitakutosha mwaka huu. Shaba usiitie kwenye glezi mpya ya ndani ya kikombe hadi uwe na kipimo mkononi.

Kile cha kwanza, cha kijani. Najua kina maana kwako, mimi bado nina chungu changu cha kwanza na kimepinda kama kofia ya mlevi. Huko Marekani chombo cha mapambo chenye risasi hutakiwa kiwe na onyo lisilofutika, au kitobolewe tundu, ili mtu asije akakidhania cha chakula. Nawe kitoboe. Kilaze ndani ya karai la maji, utumie keekee ya mkono polepole ili vumbi libaki majini, na maji hayo yaende kwenye ile ndoo ya kufungiwa. Kisha kiweke juu ya rafu isiyofikiwa na mtoto, ukipandie ua. Dania hapana.

Shangazi